Adenomiosisi: kizazi kikubwa, hedhi nzito, na fibroidi ambayo haipo

Mwanamke anayelala kwa maumivu siku ya pili ya hedhi, anayebadilisha pedi kila saa na kuona mabonge ya damu, huambiwa mengi kabla ya kuambiwa neno adenomiosisi. Nyumbani ataambiwa ni chango la uzazi, achemshiwe mizizi. Zahanati wataandika PID, yaani maambukizi ya viungo vya uzazi, na kumpa antibayotiki, mwezi ujao maumivu yatarudi palepale naye atapewa dozi nyingine. Akifika penye altrasaundi huenda akatoka na karatasi iliyoandikwa fibroidi, uvimbe wa kizazi usio saratani. Shangazi naye atamtuliza kwamba ukoo wao wote ndivyo walivyo, akizaa yataisha.

Hedhi ya namna hiyo ni ugonjwa, hata kama mama na shangazi waliipitia. Na siku hizi adenomiosisi hutambulika kwa picha nzuri, bila kungoja kizazi kitolewe. Matibabu yake yapo, ila hayafanani kwa kila mtu: huchaguliwa kwa kuangalia kinachokusumbua zaidi, damu au maumivu, na kama unataka mimba karibuni. Nitaandika kwa kufuata njia hiyo.

Kinachotokea ndani ya ukuta

Mfuko wa uzazi una utando wa ndani, ule unaojijenga kila mwezi na kutoka kama hedhi. Nje ya utando huo kuna msuli mnene, ndio unaosukuma mtoto wakati wa uchungu. Kwenye adenomiosisi, tezi za utando ule zinakutwa zimezama ndani ya msuli. Humo zinaendelea kuitikia homoni za kila mwezi, na nyingine huvuja damu kidogo isiyo na pa kutokea. Msuli unaozizunguka unanenepa, na eneo lote linatoa prostaglandini kwa wingi, kemikali inayofanya kizazi kijikaze na kuuma. Taratibu kizazi kinakua na kuwa cha duara. Eneo la utando linalomomonyoka linaongezeka, na msuli uliovurugika haubani vizuri mishipa ya damu. Ndiyo maana damu nyingi na maumivu makali huja pamoja.

Carl von Rokitansky, mtaalamu wa patholojia wa Vienna, alizieleza tezi hizi mwaka 1860. Kwa zaidi ya karne moja baada ya hapo njia ya uhakika ya kuziona ilikuwa darubini, na kipande cha kuweka chini ya darubini kilipatikana kizazi kikishatolewa. Wanaotolewa kizazi wengi wana miaka 40 na zaidi, na wameshazaa. Hivyo vitabu vikaandika kwamba huu ni ugonjwa wa wanawake wa umri huo, na imani hiyo bado inawaponza wasichana. Tangu altrasaundi ya ukeni na MRI (picha ya mashine ya sumaku) zianze kutumika vizuri, adenomiosisi inaonekana kwa wanawake wa miaka 20 na 30, wakiwemo ambao hawajawahi kubeba mimba. Daktari akikuambia wewe ni mdogo mno kwa ugonjwa huu, muombe kwa heshima akupeleke kwenye picha.

Kwa nini tezi zinazama? Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mpaka kati ya utando na msuli unaumia, tezi zinapenya. Uzazi, upasuaji wa kujifungua na kusafishwa kizazi vinahusishwa na ugonjwa huu, lakini wapo waupatao bila hata kimoja kati ya hivyo. Hauambukizi, na si saratani. Sindano na vidonge vya uzazi wa mpango havijulikani kuuleta, ingawa kitanzi cha shaba huongeza damu na maumivu ya hedhi kwa mtu yeyote, kwa hiyo mwenye adenomiosisi akiwekewa hicho hali inazidi. Kama una kitanzi cha shaba na hedhi imebadilika tangu kiingie, anzia hapo.

Karibu theluthi moja ya wenye adenomiosisi hawana dalili yoyote. Picha ikiionyesha kwa bahati na wewe huumwi wala hutoki damu nyingi, hakuna cha kutibu.

Pima damu yako kabla ya kwenda hospitali

"Natoka damu nyingi" ni maneno ambayo mhudumu mwenye foleni ndefu huyapita haraka. Namba hazipitwi hivyo. Kuna njia ya karatasi iliyotungwa Uingereza mwaka 1990 ambayo kila mwanamke anaweza kuifanya mwenyewe. Kila pedi unayotoa ipe alama: yenye damu kidogo tu ni 1, iliyolowa nusu ni 5, iliyolowa kabisa ni 20. Bonge dogo la upana wa sentimita 2 hivi ni 1, bonge kubwa la karibu sentimita 3 ni 5. Jumlisha za hedhi nzima. Zikifika 100 au kuzidi, hiyo huhesabiwa kuwa hedhi nzito.

Chukua mfano. Siku ya kwanza pedi 3 za nusu: 15. Siku ya pili pedi 5 zilizolowa kabisa na mabonge makubwa 2: 110. Ya tatu pedi 4 zilizolowa: 80. Ya nne pedi 3 za nusu: 15. Ya tano pedi 3 zenye damu kidogo, 3. Ya sita mbili za namna hiyo, 2. Jumla 225. Karatasi hiyo ikikaa mezani kwa daktari, mazungumzo yanaanza mahali pengine kabisa. Pembeni ya kila siku andika pia maumivu kwa kipimo cha 0 hadi 10, na kama ulishindwa kwenda kazini au shule. Fanya hivyo kwa mizunguko miwili au mitatu.

Wanaotumia vitambaa wataona alama hizi haziwakai sawa, maana kitambaa kilichokunjwa kinabeba kuliko pedi. Hao waandike ni mara ngapi wamebadilisha, na kama wamelowesha nguo au shuka usiku. Anayetumia kikombe cha hedhi ana bahati: vikombe vingi hubeba mililita 25 hadi 30 na vina mistari, basi ni kusoma na kujumlisha. Kupoteza zaidi ya mililita 80 kwa hedhi moja ndicho kiwango ambacho utafiti wa miaka mingi umekiita kingi.

Usisubiri mizunguko mitatu ikiwa unalowesha pedi nzima kila saa kwa saa mbili au zaidi mfululizo, unaona kizunguzungu ukisimama, moyo unakwenda mbio au unahema kwa kutembea kidogo. Hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo, usiku au mchana.

Damu inayotoka na chuma kinachotoka nayo

Hapa ndipo wengi wanapoumia kimyakimya. Kila mililita ya damu hubeba takriban miligramu 0.4 hadi 0.5 za madini chuma. Anayepoteza mililita 150 kwa mwezi anapoteza miligramu 60 hadi 75. Utumbo wa mtu mzima kwa chakula cha kawaida hufyonza miligramu 1 hadi 2 kwa siku, yaani 30 hadi 60 kwa mwezi, na sehemu ya hizo inafidia kile ambacho mwili hupoteza kila siku hata pasipo hedhi. Hesabu haifungi. Mwanamke huyo anaweza kula mchicha, dagaa na maini kila wiki na bado akaingia kwenye upungufu wa damu. Vyakula hivyo ni vizuri, aendelee navyo, na juisi ya rozela au ya biti anywe akipenda. Ila wekundu wa juisi hauzibi pengo la miligramu 70.

Omba vipimo viwili: wingi wa damu na feritini. Kwa mwanamke asiye mjamzito, wingi wa damu ulio chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu. Feritini ndiyo ghala la chuma, na ghala linaweza kuwa tupu huku wingi wa damu bado uko 12 au 13. Uchovu, nywele kukatika, hamu ya kula udongo au barafu na kuhema ukipanda ngazi vinaweza kuanza hapo.

Kidonge cha ferasi salfati cha miligramu 200 kina kama miligramu 65 za chuma chenyewe. Kimoja kwa siku kinatosha wengi, na kama tumbo linasumbua meza siku moja uruke moja. Utumbo hufyonza vizuri zaidi kikiachiwa nafasi. Kinachoharibu kazi ni chai. Kidonge kikimezwa na chai ya rangi au ya maziwa asubuhi, sehemu kubwa ya chuma inapita bure. Kimeze kwa maji au juisi ya chungwa, chai iwe saa moja au mbili kabla au baada. Dawa za kiungulia na vidonge vya kalsiamu navyo vitenganishwe. Choo kitakuwa cheusi, usiogope. Baada ya wiki tatu au nne wingi wa damu unatarajiwa kupanda kama gramu 2. Usipopanda, aidha dawa haimezwi inavyotakiwa, haifyonzwi, au damu inatoka kwa kasi kuliko inavyojazwa. Ukifika kiwango cha kawaida endelea miezi mitatu zaidi ili ghala lijae. Asiyevumilia vidonge, au anayekaribia upasuaji na damu iko chini, hupewa chuma cha dripu hospitali.

Picha, na swali la fibroidi

Kipimo cha kwanza ni altrasaundi, na ya ukeni inaona ukuta wa kizazi vizuri kuliko ya tumboni. Ya tumboni huhitaji kibofu kilichojaa, ya ukeni huhitaji kibofu kitupu. Ambaye hajawahi kujamiiana asishinikizwe. Anaweza kupimwa kupitia tumboni, kupitia njia ya haja kubwa kwa ridhaa yake, au kwa MRI.

Kundi la wataalamu wa kimataifa linalojulikana kama MUSA liliweka mwaka 2015 orodha ya dalili za kutafutwa, na mwaka 2022 likazipanga upya. Zipo za moja kwa moja: vijifuko vidogo vya majimaji ndani ya msuli, visiwa vyeupe vya tishu ya utando ndani ya msuli, na mistari au vichipukizi vinavyotoka kwenye utando kuingia msulini. Nyingine zinatilia tu shaka: kizazi cha duara, ukuta mmoja mnene kuliko wa pili, vivuli vinavyotawanyika mithili ya feni, mishipa ya damu inayopita katikati ya eneo lililovimba, na mpaka wa utando usioeleweka. Ripoti inayosema tu kwamba kizazi ni kikubwa haijamaliza kazi. Rudi uulize: kuta mbili zina unene gani, zinalingana? Kuna vijifuko? Mpaka wa utando unaonekana? Kama mpimaji hakuangalia hayo, tafuta mwingine.

Fibroidi ni nyingi mno kwa wanawake wa Afrika, kwa hiyo mpimaji akiona uvimbe kwenye kizazi mkono unaandika fibroidi wenyewe. Mara nyingi yuko sahihi. Mara nyingine magonjwa yote mawili yapo pamoja, na endometriosisi, yaani tishu ya utando kuota nje ya kizazi, ikawa ya tatu. Tatizo linakuja pale adenomiosisi iliyokusanyika sehemu moja inaposomwa kuwa fibroidi, na mwanamke akapangiwa upasuaji wa kutoa uvimbe. Fibroidi ina ganda linaloitenga na msuli. Mpasuaji akifika ganda, uvimbe hutoka kama kokwa la embe bivu. Adenomiosisi haina ganda: ni tui lililokwisha kuingia kwenye wali. Mpasuaji anatafuta mpaka, haupati, anakata msuli unaovuja damu, na anachotoa ni vipande vya kizazi chenyewe. Kwa hiyo mtu akikuambia ufanyiwe upasuaji wa fibroidi na wewe hedhi inauma sana, uliza kabla ya kusaini: uvimbe huu una mpaka unaoonekana? Damu yake inazunguka pembeni, kama ilivyo kwa fibroidi, au inapita katikati?

Jibu likiwa la kusitasita, MRI ndiyo inayoamua. Inapima ukanda wa mpaka kati ya utando na msuli, na ukanda wenye unene wa milimita 12 au zaidi unaelekeza kwenye adenomiosisi. MRI ni ghali na iko kwenye hospitali kubwa tu, kwa hiyo itumike pale ambapo jibu lake litabadilisha uamuzi, hasa kabla ya upasuaji. Kipimo cha damu cha CA-125 kinaweza kupanda kwenye ugonjwa huu na kwenye mengine mengi. Kisikutishe, na kisitumike kuthibitisha.

Kuna mambo yasiyotakiwa kurukwa hata kama picha ni dhahiri. Kipimo cha mimba kwanza, kwa sababu mimba iliyotunga nje ya kizazi nayo huleta damu na maumivu. Shingo ya kizazi iangaliwe, hasa kama damu hutoka baada ya tendo la ndoa. Aliye na miaka 45 na kuendelea mwenye damu isiyo ya kawaida, au wa umri wowote ambaye damu haikomi kwa dawa, achukuliwe kinyama cha utando kikapimwe saratani. Na aliyekuwa na hedhi nzito tangu ya kwanza kabisa, anayetoka damu puani au aliyevuja sana alipong'olewa jino, apimwe ugandaji wa damu.

Dawa zisizo za homoni

Ibuprofeni na asidi ya mefenamiki hupunguza utengenezaji wa prostaglandini. Hapo ndipo penye siri ya muda: prostaglandini ikishatengenezwa, dawa inakimbiza kitu kilichokwisha fika. Anza siku moja kabla ya hedhi kama mzunguko wako unatabirika, au mara tu dalili ya kwanza inapoonekana, kisha meza kwa saa maalumu siku mbili au tatu. Ibuprofeni ni miligramu 400 mara tatu kwa siku, mefenamiki ni miligramu 500 mara tatu, baada ya chakula. Chagua moja. Kuchanganya ibuprofeni na diklofenaki hakuongezi nafuu, kunaongeza vidonda vya tumbo na kuumiza figo. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au pumu inayochochewa na dawa hizi aziepuke, atumie parasetamoli gramu 1 kila saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku. Aspirini iache, inaongeza kuvuja. Chupa ya maji ya moto tumboni inasaidia kweli, na haina madhara ikifungwa kwenye kanga isiunguze ngozi.

Asidi ya traneksamiki hupunguza damu kwa kuzuia mabonge yanayoziba mishipa yasiyeyuke haraka. Vidonge ni vya miligramu 500: viwili mara tatu kwa siku, siku za damu nzito tu, zisizidi nne. Haipunguzi maumivu na haizuii mimba, kwa hiyo inamfaa anayetafuta mtoto, mradi aitumie siku za hedhi. Asiitumie aliyewahi kupata damu kuganda mguuni au kwenye mapafu, wala mwenye kifafa bila daktari kujua. Anayemeza vidonge vya majira asiiongeze bila ushauri.

Homoni kwa asiyetaka mimba sasa

Kama ningetakiwa kuchagua moja kwa mwanamke asiyetafuta mimba kwa miaka michache ijayo, ningechagua kitanzi chenye homoni ya levonogestreli. Kinatoa homoni palepale kwenye utando, damu hupungua sana na maumivu mara nyingi hufuata. Uliza miligramu: kinachotumika kwa hedhi nzito ni cha miligramu 52. Vipo vidogo vya 13.5 na 19.5, ambavyo vilitengenezwa kwa uzazi wa mpango. Kliniki nyingi za umma zina cha shaba tu, kwa hiyo hakikisha kabla ya kulala kitandani ni kipi kimefunguliwa.

Miezi mitatu hadi sita ya kwanza damu huchuruzika kidogokidogo, bila mpangilio. Wengi wanaokitoa hukitoa kipindi hiki, kabla hakijaanza kazi, kwa sababu hawakuambiwa. Mwanamke wa Kiislamu naye hubaki na swali la sala na funga: kwa madhehebu ya Shafi, hedhi haizidi siku 15, na damu inayozidi hapo ni istihadha ambayo haizuii sala. Aandike tarehe zake na amuulize mwanachuoni anayemwamini mapema, badala ya kutoa kitanzi. Jambo jingine ni kwamba kizazi kikubwa chenye damu nyingi hukisukuma kitanzi nje mara nyingi zaidi. Gusa nyuzi zake ukeni kila baada ya hedhi. Ukizikosa, au ukihisi plastiki ngumu, rudi. Ukitumia kikombe cha hedhi, achia mvuto kwa kidole kabla ya kukivuta.

Dienogesti ya miligramu 2 kila siku, bila kupumzika, ni nzuri hasa kwa maumivu. Imezwe saa ileile. Peke yake haikuidhinishwa kama kinga ya mimba, tumieni kondomu. Kwa mwenye kizazi kikubwa na upungufu wa damu inaweza kuleta damu nyingi ya ghafla, hivyo damu irekebishwe kwanza. Norethisteroni miligramu 5 mara tatu kwa siku kwa siku 10 hutumika kusimamisha damu ambayo haikatiki: kawaida inakatika ndani ya siku 1 hadi 3, na siku 2 hadi 4 baada ya kumaliza huja hedhi nyingine. Wengi hawajui hilo la pili, wanadhani dawa imeshindwa, wanaanza tena wenyewe na mzunguko unavurugika.

Vidonge vya majira vyenye homoni mbili vinaweza kumezwa mfululizo. Kwenye pakiti nyingi za kliniki, vidonge 7 vya rangi ya kahawia ni vya madini chuma na havina homoni. Hedhi huja wakati huo. Ukimaliza 21 ukaanza pakiti mpya bila kugusa vya kahawia, hedhi hairuhusiwi kuja. Visitumiwe na mwenye presha ya 140/90 au zaidi, kipandauso kinachotanguliwa na mwanga machoni, historia ya damu kuganda, au anayevuta sigara akiwa na zaidi ya miaka 35. Sindano ya miezi mitatu inapatikana hata kijijini, na baada ya mwaka karibu nusu ya wanaoitumia hawaoni hedhi, lakini uwezo wa kushika mimba huchelewa kurudi. Vijiti vya mkononi si chaguo langu la kwanza kwa sababu damu yake haitabiriki.

Anayetumia efavirenzi kwa VVU, au rifampisini kwa kifua kikuu, amwambie mtoa huduma, maana dawa hizo hupunguza nguvu ya vidonge na vijiti. Dolutegraviri haina shida hiyo, na kitanzi cha homoni hakiathiriwi.

Zipo pia sindano zinazofunga kazi ya vifuko vya mayai kwa muda, kama goserelini ya miligramu 3.6 kila siku 28. Kizazi husinyaa, damu hukoma. Wiki mbili za mwanzo dalili zinaweza kuzidi, kisha huja joto la mwili na ukavu kama wa aliyekoma hedhi. Mifupa hupungua nguvu, kwa hiyo hazizidi miezi 6 bila homoni kidogo ya kufidia. Zikisimamishwa, ugonjwa hurudi. Zina maana kama daraja la kwenda kwenye jambo jingine: upasuaji, kuweka kitanzi, au upandikizaji wa kiinitete.

Anayetafuta mtoto

Dawa zote za homoni nilizotaja huzuia mimba au yai, kwa hiyo anayetafuta mimba mwezi huu hawezi kuzitumia. Wapo wengi wenye adenomiosisi waliozaa bila msaada. Hata hivyo ugonjwa hupunguza nafasi ya mimba kujishika na huongeza kuharibika, kwa hiyo msipoteze muda: chini ya miaka 35, tafuteni msaada baada ya mwaka mmoja wa kujaribu, zaidi ya hapo, miezi 6. Mume apimwe mbegu mwanzoni kabisa, na mirija ipigwe picha. Ni uonevu kumpasua mwanamke kizazi huku kipimo cha mume hakijafanyika. Kwa wanaokwenda IVF, yaani kutungishwa mimba maabara, madaktari wengi hutoa zile sindano za kufunga mayai kwa miezi miwili au mitatu kabla ya kuweka kiinitete kilichogandishwa.

Mimba ikishika, anza kliniki mapema na umwambie mkunga. Hatari ya kujifungua kabla ya wakati na kifafa cha mimba ni kubwa kiasi, presha ifuatiliwe kwa karibu. Jifungulie hospitali yenye damu na chumba cha upasuaji.

Upasuaji

Kuondoa sehemu yenye ugonjwa na kuacha kizazi kunawezekana kama umejikusanya mahali pamoja, kwa mikono ya mtu aliyezoea kazi hiyo. Kovu linalobaki linaweza kupasuka kwenye mimba. Kwa kawaida mimba husubirishwa miezi 6 hadi 12, na kujifungua hupangwa kwa upasuaji kabla uchungu haujaanza. Kuziba mishipa inayolisha kizazi kupitia mrija mwembamba unaoingizwa pajani huwasaidia wengi wasiotaka kuzaa tena, ila wataalamu wake ni wachache Afrika Mashariki. Kuunguza utando wa ndani hakufiki tezi zilizozama msulini. Kwa adenomiosisi ya kina, maumivu hubaki.

Kutoa kizazi ndiko kunakomaliza ugonjwa. Mwanamke aliyemaliza kuzaa, aliyejaribu dawa na kuchoka, asifanywe ajione mkosaji kwa kuchagua njia hii. Aliye na miaka 48 au 49 pia ana haki ya kukataa, kwa sababu hedhi ikikoma dalili huisha, na kitanzi cha homoni kinaweza kumvusha hadi hapo. Vifuko vya mayai vinaweza kubaki, na vikibaki homoni za mwili hubaki. Uke haubadiliki kuwa shimo, hamu ya tendo haikatwi na kisu, na wengi waliokuwa wakiumia wakati wa tendo hupata nafuu. Shingo ya kizazi nayo itolewe kama inawezekana, kwa sababu ikiachwa hedhi kidogo inaweza kuendelea. Wingi wa damu upandishwe kabla ya siku ya upasuaji. Kunyanyua ndoo za maji, kulima na tendo la ndoa visubiri wiki 6 hivi, kwa hiyo mipango ya nani atachota maji ifanywe nyumbani mapema. Fomu anasaini mwanamke mwenyewe baada ya kueleweshwa kwa lugha anayoielewa.

Kizazi kikishatoka, kipelekwe maabara ya patholojia, na majibu uyafuate. Yataonyesha kama tezi zilikuwa msulini kweli, kama kulikuwa na fibroidi pia, na kama utando ulikuwa salama. Tunza nakala pamoja na ripoti ya upasuaji inayosema vifuko vya mayai na shingo vilibaki au vilitolewa. Daktari atakayekuona miaka kumi baadaye ataihitaji ili ajue kama bado unapaswa kupimwa saratani ya shingo ya kizazi.